Kufuli la Eliufoo

Dominika alikuwa na tabia moja ambayo mama yake alishindwa kuitoa hata kwa fimbo: hakusoma maandishi madogo. Dawa alimeza kwanza, na karatasi iliyokuja nayo akaifungia vitumbua. Kwenye kompyuta, dirisha likijitokeza kumuuliza kama amesoma na amekubali, yeye alikuwa amekwisha kukubali kabla dirisha halijamaliza kufunguka. Mtu aliyefika miaka ishirini na tisa bila kudhurika na tabia yake haoni sababu ya kuiacha, na Dominika hakuiacha, mpaka mwaka 2005 ilipokuja kumkaba kooni.

Mwaka huo alikuwa akiishi Soweto, Moshi mjini, katika chumba cha nyuma nyumbani kwa dada yake Evelyn. Kompyuta yake ilikaa juu ya meza ya kupigia pasi. Kila Evelyn alipotaka kupiga pasi, kompyuta ilishushwa sakafuni, na kazi ya Dominika ikasimama mpaka sare za watoto zinyooke. Ndiyo maana siku alipoonyeshwa chumba cha ghorofani kwa Bwana Prakash, chenye meza tatu, laini ya simu na dirisha linalotazama mnara wa saa, alikitaka chumba kile kwa roho yake yote. Akawa kila akipita barabarani anainua macho kulitazama lile dirisha, na siku moja nusura agongwe na baiskeli ya muuza mikate.

Prakash alikuwa na kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Babu yake alishona mahema, baba yake aliyauza, naye akaona afadhali awapandishe huko juu hao wanaoyalalia. Shida yake ilikuwa watu. Waongozaji, wapishi na wapagazi aliwapanga kwa chaki ubaoni, na kila msimu alipatikana mpagazi mmoja ameandikwa Machame na Marangu siku hiyo hiyo. Dominika akamletea programu ya kompyuta. Programu ile ilijua nani yuko mlimani, nani amepumzika, nani amebeba kilo ngapi, na nani asipande tena wiki hii kwa sababu kifua kinambana. Kabla ya mwezi kwisha ubao ulikuwa umelazwa juu ya makasha mawili, umekuwa meza ya chai.

"Nainunua," Prakash alimwambia siku ya Jumatano. "Simaanishi kuitumia tu. Nainunua yenyewe, naiweka kwenye sidii, naifunga, nawauzia makampuni ya Arusha. Binamu yangu Krunal ameshaniulizia. Wewe unapata chumba cha juu, unakuwa fundi wangu. Mkataba huu hapa, Jumamosi tunatia sahihi."

Mkataba ulikuwa na kifungu cha nne. Kilisema kwamba programu ni mali ya Dominika peke yake, kwamba ameiandika yeye tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba ikishauzwa hakuna mtu atakayeruhusiwa kuinakili wala kuchungulia ndani yake. Dominika aliupokea mkataba kwa mikono miwili, akashukuru, na kama kawaida yake hakuusoma.

Sasa, katika ofisi ile alikuwepo mtu wa namna nyingine kabisa. Vijaya, dada mkubwa wa Prakash, ndiye aliyetunza karatasi zote, na hakuna kilichoandikwa kikapita mbele yake bila kusomwa. Alisoma pakiti za biskuti, alisoma viberiti, alisoma hata nyuma ya tiketi za basi pale wanapoandika kwamba kampuni haihusiki na upotevu wa mizigo. Alhamisi alimwita Dominika mezani kwake.

"Shikamoo, dada Vijaya."

"Marahaba. Kaa. Jana nilikuwa napanga safari ya wale Wajerumani. Programu yako ikaniuliza kama mbwa wameshakula."

Dominika alisikia masikio yanawaka moto. Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Programu ile haikuzaliwa Moshi. Aliyeiandika ni Mnorwe mmoja, Halvard Nes, kwa ajili ya kupanga zamu za vikosi vinavyookoa watu kwenye theluji, na vikosi vile hutembea na mbwa. Akaiweka kwenye intaneti, anayeitaka aichukue. Dominika aliichukua mchana mmoja katika intaneti kafe, akaitia Kiswahili, akaigeuza theluji kuwa mvua na mbwa kuwa wapishi, akaongeza mizigo, njia na siku za kupumzika. Kazi hiyo ilimla miezi minane, na ilikuwa kazi ya kweli. Lakini pale mwanzoni kabisa, penye jina la yule Mnorwe, alilifuta akaandika: Imetengenezwa na Dominika Thadeus, Moshi.

Mbwa ndio waliomsumbua. Wiki ya kwanza mpishi mmoja aitwaye Anaeli alijikuta ameorodheshwa kama mbwa namba tatu, akagoma kupanda mpaka aombwe radhi mbele ya wapagazi wote. Baada ya hapo Dominika aliwasaka mbwa kila pembe, akaamini amewamaliza.

"Ni kosa dogo, dada. Nitalirekebisha."

"Hilo nilijua. Nikafungua diski nitafute mbwa wengine. Sikuwapata, ila nilipata hii." Vijaya alisukuma mezani karatasi sita zilizojaa Kiingereza kidogo kidogo kama mtama. "Mimi nimeisoma mara mbili. Kaka yangu hajaisoma hata mara moja. Na wewe hujaisoma, maana ungekuwa umeisoma usingekuwa unatabasamu hivyo."

"Ni leseni tu, dada Vijaya. Vitu vya intaneti ni bure."

"Bure gani inahitaji kurasa sita?" Vijaya aliuliza. "Isome kabla ya Jumamosi."

Dominika alizikunja karatasi, akazitia mkobani, akazisahau. Kesho yake alikuwa na safari ya Kilema.

Ijumaa ile ilikuwa siku ya kuzibua mfongo, yaani ule mfereji unaoleta maji kutoka korongoni juu mpaka kwenye vihamba, mashamba ya kahawa na migomba ya kila ukoo. Kila nyumba hutoa mtu na jembe, na nyumba isiyotoa mtu hurukwa zamu ya maji. Mzee Thadeus, baba yake Dominika, alikuwa na goti lililovimba, na wanawe wa kiume wote walikuwa Dar es Salaam wakipiga simu kuulizia goti. Zamani mwanamke hakuthubutu kusogelea banio, pale juu mfongo unapoanzia. Lakini siku hizi vijana wamekwisha, na wazee wameusahau mwiko huo kwa makusudi kabisa. Dominika akabeba jembe.

Walichimba tope tangu asubuhi. Jua lilipofika utosini wakakaa karibu na banio kusikiliza kesi ya Eliufoo.

Eliufoo alikuwa fundi saruji mstaafu, jirani wa akina Dominika. Kwa mifuko yake mwenyewe ya saruji, bila kuombwa na mtu, alikuwa amekijengea kile kipande cha mfongo kinachopita kwake, na tuseme kweli, alikijengea vizuri, tone halivuji. Angeishia hapo angepewa pombe ya mbege mpaka ashindwe kwenda nyumbani. Lakini mwisho wa kipande chake akaweka lango la chuma, na langoni akatia kufuli. Maji yakawa yanazama kwanza kwenye nyanya zake, na wa chini wanasubiri mpaka aamke. Tena lilikuwepo jiwe lenye jina la marehemu Kirenga, aliyeuchimba mfongo ule enzi za mababu. Eliufoo alilifunika kwa saruji, na kabla saruji haijakauka akachora kwa kidole: Eliufoo, 2005.

"Saruji ni yangu," alijitetea. "Jasho ni langu. Kabla yangu nusu ya maji ilikuwa inamezwa na ardhi. Kipande kile nimekifanya upya, kwa hiyo ni changu."

Mzee Sirili, mwenyekiti wa mfongo, alitaka kujibu, lakini Dominika alikuwa ameshasimama, matope mpaka magotini.

"Shikamoo, baba Eliufoo," alisema. "Maji uliyakuta. Mfongo uliukuta. Ulichoongeza tunakishukuru. Lakini mtu anachukuaje kitu kilichoachwa wazi kwa ajili ya watu wote, anakipaka saruji yake, anakifunga, halafu anaandika jina lake juu ya jina la aliyekichimba? Mzee mzima, huoni haya?"

Watu waliguna kwa kuridhika. Kikongwe mmoja alisema "aika", asante kwa Kichagga, akairudia mara tatu. Dominika alikaa akijiona ameongea, na alikuwa ameongea kweli.

Hukumu haikuchukua muda. Saruji ibaki, ni kazi nzuri, na Eliufoo ashukuriwe. Nyanya zake auze apendavyo, hakuna atakayemuuliza. Anayetaka kujengewa kipande chake amlipe Eliufoo ujira wake. Lakini kufuli litoke leo hii, jina la Kirenga lirudi mahali pake, na yeyote anayetaka kujua alivyochanganya saruji isiyovuja, Eliufoo amwonyeshe bila kumficha.

Eliufoo alisikiliza, akainuka, akaenda kwenye ua wa masale, mimea inayopandwa mipakani mwa vihamba, ulio kando ya njia. Alikata jani moja refu, akalifunga fundo, akampa Mzee Sirili. Jani la isale Uchaggani likishatolewa na kupokewa, hasira imekwisha, na anayeendelea kununa ndiye mwenye makosa. Kisha akamwendea Dominika na kumwekea kufuli mkononi, ufunguo ukiwa bado ndani.

"Chukua, mwanangu. Umesema maneno ya haki. Mimi sina pa kulitumia tena."

Wakati chakula kikisubiriwa, Dominika alitafuta kitu cha kukalia, maana majani yalikuwa yameloa. Alitoa karatasi za Vijaya mkobani. Na kwa kuwa kiburu, ndizi na maharage, kilikuwa hakijaiva, na hapakuwa na lingine la kufanya, kwa mara ya kwanza maishani mwake alianza kusoma maandishi madogo.

Yalisema: tumia programu hii upendavyo, hata kwa biashara, huna haja ya kumwomba mtu. Ifungue utazame ndani. Ibadilishe. Igawe, au iuze ukitaka. Lakini siku utakapompa mwingine, mpe na maandishi ya ndani, yale yanayoiendesha programu, aweze kuifungua kama ulivyoifungua wewe, na umpe ruhusa zile zile ulizopewa. Ukiwa umeibadilisha, useme umebadilisha nini. Na jina la aliyeiandika usilifute.

Dominika alifika ukurasa wa sita, akarudi wa kwanza. Kisha alimtazama Eliufoo, ambaye alikuwa amekaa peke yake juu ya jiwe anajipepea kwa kofia. Kila neno alilomwambia mzee yule lilimrudia, moja baada ya jingine, na lile la haya likarudi mara mbili. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu utoto.

"Mzee Sirili," aliuliza kwa sauti ndogo. "Mtu akichota maji, akayatia kwenye pipa ndani kwake, na hampi mtu, ana kosa?"

"Pipa ni lake. Nyumbani kwake afanye atakavyo. Kesi inaanza maji yakitoka kwake kwenda kwa mwenzake."

"Na akimwekea mwenzake lango?"

Mzee Sirili alimtazama kwa mshangao. "Si ni wewe uliyetueleza sasa hivi?"

Jumamosi asubuhi Dominika aliweka mkataba juu ya meza ya Prakash, na juu ya mkataba akaweka kufuli.

"Siwezi kutia sahihi, Bwana Prakash. Nimesoma kifungu cha nne."

"Lini?"

"Leo asubuhi." Akamweleza yote, Mnorwe, mbwa na jina lililofutwa. "Hapa ofisini itumie mpaka uchoke, hakuna atakayekuuliza. Hata Krunal unaweza kumuuzia. Ila ukimuuzia, umpe na maandishi ya ndani, na umwache huru kumpa mwingine. Kuifunga huwezi. Mimi niliipata ikiwa wazi."

"Sasa Krunal akimpa jirani yake bure, mimi nitauza nini?"

"Na wewe nilikwambia Alhamisi uisome, kaka," Vijaya alisema kutoka mezani kwake.

"Wewe kaa na pakiti zako za biskuti," Prakash alifoka.

Vijaya alivua miwani, akaifuta, akaitia ndani ya kasha lake. Alichukua pochi yake akaenda nyumbani, saa nne asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata siku mvua ilipong'oa paa. Prakash alitazama mlango, kisha akamgeukia Dominika kwa sauti ya kubembeleza.

"Huyo mtu yuko Norwei. Atajuaje?"

Hapo ndipo Dominika alipoteseka kweli. Kutoka pale alipokaa aliiona ngazi ya kwendea ghorofani, na alijua kwamba hakuna atakayejua, si Mnorwe wala mtu wa Moshi. Alitamani sana kutia ile sahihi.

"Hatajua," alisema. "Lakini jana nimemsuta mzee wa watu mbele ya kijiji kizima kwa kosa hili hili. Nitapitaje nyumbani kwake?"

"Basi na chumba hakuna," Prakash alisema.

Dominika alirudi Soweto akakuta Evelyn anapiga pasi. Alikaa sakafuni kando ya kompyuta yake, akalia kidogo, akajipangusa kwa soksi ya shule. Alipomaliza kulia akarudisha jina la Halvard Nes pale mwanzoni, akaandika lake chini yake, na chini ya majina hayo mawili akaorodhesha alichobadilisha. Kisha akaenda intaneti kafe na jani la isale, akaliweka kwenye mashine ya kupiga picha za karatasi huku mwenye kafe akilalamika kwamba kioo chake si sahani ya mchicha. Picha ile aliituma Norwei pamoja na barua ya kukiri kosa na marekebisho yake yote ya miezi minane. Alieleza pia matumizi ya jani: ukilipokea, huruhusiwi kununa.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Halvard Nes hakuwa amenuna. Aliomba ruhusa ya kutumia kile kipengele cha mapumziko na vifua kubana, maana waokoaji wake nao hujifanya wazima. Aliuliza mbwa wamekwenda wapi. Mwisho aliandika kwamba watu wengi walishaichukua programu yake kwa miaka mingi, na Dominika ndiye wa kwanza kurudi kumsalimia. Dominika aliisoma barua ile yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini yanayosema barua hii haina virusi.

Ofisini kwa Prakash mambo yalikuwa mengine. Vijaya hakurudi Jumatatu, wala Jumanne. Prakash alikaa mwenyewe mbele ya kompyuta, na mpagazi mmoja akafanikiwa tena kuwa Machame na Marangu siku moja. Alhamisi, Wajerumani wakiwa wamevaa viatu na kusimama nje ya hoteli, programu ilimuuliza kama mbwa wameshakula. Prakash alikuwa mtu mkweli wa kuzaliwa. Alijibu hapana. Programu ikakataa kuitoa safari mpaka mbwa walishwe.

Saa tatu alikuwa Soweto, mlangoni kwa Evelyn, jasho linamtiririka.

"Dominika," alisema. "Mbwa hawajala."

Dominika hakutaka kucheka, lakini alicheka mpaka Evelyn akaunguza kola ya shati. Wakaenda mjini, akalikata lile swali lisirudi tena, na Wajerumani wakaondoka. Prakash akatazama majina mawili yaliyotokea mwanzoni mwa programu.

"Tuseme Krunal anaipata bure," alisema hatimaye. "Na jirani yake anaipata bure. Siku mbwa wakigoma kula, wanampigia nani?"

"Ninyi."

"Wananipigia mimi, na wewe uko ghorofani kwangu." Prakash alikwaruza kidevu. "Kuiweka, kuwafundisha watu, kuitengeneza ikiharibika. Hayo yanauzwa?"

"Hayo yanauzwa, Bwana Prakash. Eliufoo saruji anachanganya kwa ujira."

Prakash hakumjua Eliufoo, lakini alielewa. Akachukua ule mkataba, akakikata kifungu cha nne kwa mstari mnene, akauweka chini ya kufuli, ambalo tangu Jumamosi hakuna aliyekuwa na moyo wa kuligusa. Kisha akashika ufunguo wa chumba cha juu, akausitisha hewani.

"Limebaki moja. Ninyi watu wa Kilema mna lile jani."

"Umezaliwa Moshi, Bwana Prakash. Jani unalijua."

"Nalijua. Sijawahi kulihitaji."

Walilikata kwenye ua wa jirani yake Evelyn, kwa ruhusa yake. Dominika alimfungia fundo, maana Prakash alilikosea mara mbili, wakaenda pamoja nyumbani kwa Vijaya. Vijaya alifungua mlango, akamtazama kaka yake, akatazama mkono wake. Prakash alisema kwa Kigujarati maneno machache ambayo Dominika hakuyaelewa na hakuhitaji kuyaelewa, akamnyooshea jani.

Vijaya hakulipokea mara moja. Kwanza alitafuta miwani yake, akaivaa. Ndipo akalichukua, akalichunguza upande mmoja toka shinani hadi nchani, akalifungua fundo, akaligeuza, akauchunguza na upande wa pili. Halikuwa na maandishi madogo.